Uliongoza darasa shahada ya kwanza. Mbona uzamili unakutoa jasho?

Kuna swali ambalo wanafunzi wa uzamili huulizwa na ndugu zao, na wengi hujiuliza wenyewe usiku taa zikishazimwa: mtu aliyefaulu vizuri shahada yake ya kwanza, imekuwaje leo kazi ya kurasa kumi inarudi imejaa alama za kuuliza pembeni? Jibu la haraka ni kwamba masomo yamekuwa magumu. Wengine husema mwanafunzi amelegea. Majibu yote mawili hayagusi kiini, na hilo la pili linaumiza watu bure. Kilichobadilika ni kazi yenyewe. Stadi zilizomfikisha mtu mlangoni hazitoshi kumvusha upande wa pili, na mara nyingi hakuna anayekaa naye chini kumwambia hivyo.

Tuanze na maneno. Masomo ya uzamili ni yale yanayofuata shahada ya kwanza na kumalizikia, mara nyingi, kwenye tasnifu, yaani andiko refu la utafiti wa mwanafunzi mwenyewe. Uzamivu ni ngazi ya juu yake, ile ya udaktari. Neno hili lina undugu na kuzama, na linafaa: mzamiaji hushuka mahali padogo, lakini hushuka hadi chini. Stadi za kitaaluma ni namna ya kusoma, kuweka kumbukumbu za ulichosoma, kupima hoja, kuandika na kupanga muda. Watu huzichukulia kama kipaji ambacho mtu ama anacho ama hana. Ni ufundi, kama useremala, na ufundi hufundishika.

Fikiria sasa mahakama. Shahidi huulizwa alichokiona na kukisikia. Akikieleza kwa ukamilifu bila kuchanganya mambo, kazi yake imekwisha. Shahada ya kwanza, kwa sehemu kubwa, hutaka hivyo: mhadhiri amesema, kitabu kimesema, wewe eleza. Uzamili unakuhamishia kwenye kiti cha hakimu. Mashahidi watano wametoa maelezo matano na wawili kati yao wanapingana. Nani aaminiwe, kwa lipi, na kwa sababu gani? Kwenye uzamivu unaongezewa mzigo mwingine: unatakiwa utoke ukalete ushahidi ambao haujawahi kufikishwa mahakamani, kisha uhojiwe juu yake. Tofauti iliyopo ni kwamba katika taaluma kesi haifungwi. Hukumu yako itakatiwa rufaa na msomi ajaye, na hiyo ni heshima kwako.

Mwanafunzi aliyekaa kwenye kiti cha hakimu huku akiendelea kutoa ushahidi ndiye anayerudishiwa kazi yake na swali lile linalojulikana sana pembeni ya rasimu: na wewe unasemaje?

Kusoma kwa namna ya hakimu

Imani ya kwanza inayopaswa kuvunjwa ni kwamba msomi mzuri husoma kila kitu, neno kwa neno, kuanzia jina la makala hadi nukta ya mwisho. Imani hii imewachosha watu wengi wenye bidii. Orodha ya usomaji ya kozi moja ya uzamili inaweza kuwa na makala na sura za vitabu kwa makumi, na anayezisoma zote kama riwaya atafika katikati ya muhula akiwa hoi na bila hoja.

Makala ya jarida la kitaaluma haikuandikwa isomwe kwa mfuatano. Katika sayansi na sehemu kubwa ya sayansi za jamii ina vyumba vinavyojulikana: ikisiri, ambayo ni muhtasari wa yote; utangulizi, unaosema tatizo ni nini na wengine wamefika wapi; mbinu, yaani utafiti ulifanywaje; matokeo; kisha mjadala, ambapo mwandishi anaeleza matokeo hayo yana maana gani. Ukishajua nyumba imegawanywaje, huna haja ya kupitia jikoni ili ufike sebuleni.

Mwaka 2007 S. Keshav, mtaalamu wa sayansi ya kompyuta, aliandika mwongozo mfupi unaopendekeza kusoma makala kwa mizunguko mitatu. Mzunguko wa kwanza ni wa dakika tano hadi kumi: jina, ikisiri, utangulizi, vichwa vya sehemu, hitimisho, na kutupia jicho marejeleo. Wa pili huchukua kama saa moja. Unafuata hoja na kuangalia michoro kwa makini, ukiruka vipengele vizito. Wa tatu ni wa kuijenga upya makala kichwani kana kwamba unaifanya kazi ile wewe mwenyewe, na kwa anayeanza unaweza kula saa kadhaa. Kinachonivutia katika utaratibu huu ni kwamba makala nyingi hazistahili mzunguko wa tatu, na nyingine hata wa pili. Kuacha makala baada ya dakika kumi kwa sababu umeona haihusiani na swali lako ni sehemu ya kazi, wala haipaswi kukusumbua dhamiri.

Hapo ndipo wengi hukwama: swali lako. Hakimu haingii mahakamani bila kujua kesi inahusu nini. Kabla ya kufungua makala, andika sentensi moja: ninaisoma hii ili nijue nini? Bila sentensi hiyo kila aya itaonekana muhimu, kalamu ya rangi itapita kila mstari, na ukurasa wote utageuka wa njano.

Kuhusu hiyo kalamu ya rangi, kuna jambo la kusema. Mwaka 2013 John Dunlosky na wenzake walipitia tafiti kuhusu mbinu kumi za kujifunzia. Kupaka rangi mistari na kusoma tena na tena ziliwekwa miongoni mwa mbinu zenye manufaa madogo. Zilizoongoza ni mbili: kujijaribu mwenyewe, na kutawanya vipindi vya kujifunza badala ya kuvirundika siku moja. Ushahidi wa kujijaribu ni wa kushangaza. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2006, waliwapa wanafunzi kifungu cha kusoma. Kundi moja lilikisoma katika vipindi vinne mfululizo. Jingine lilikisoma kipindi kimoja tu, kisha mara tatu likajaribu kuandika linachokumbuka bila kutazama. Dakika tano baadaye waliorudia kusoma walikumbuka asilimia 83, na waliojijaribu asilimia 71. Baada ya wiki moja hali ilipinduka: waliorudia walibaki na asilimia 40, waliojijaribu asilimia 61.

Ona mtego uliopo hapo. Ukirudia kusoma unajisikia unaelewa, na kwa dakika tano kweli unajua zaidi. Hisia hiyo ndiyo inayowafanya watu waitetee mbinu hii miaka nenda miaka rudi. Kwa hiyo ukimaliza makala, ifunge. Andika kwa maneno yako mambo manne: mwandishi anadai nini, ana ushahidi gani, ameupataje, na wewe unamtilia shaka wapi. Ukishindwa la kwanza, hujaisoma bado, hata kama macho yamepita kila mstari.

Niongeze imani nyingine inayozunguka sana, ile ya kwamba kila mtu ana mtindo wake wa kujifunza: huyu wa macho, yule wa masikio. Mwaka 2008 Harold Pashler na wenzake walichunguza ushahidi wa kufundisha kila mtu kwa mtindo wake na hawakuona msingi wa kutosha wa kuutumia. Kupenda michoro ni sawa kabisa. Kujinyima maandishi eti wewe ni mtu wa kusikiliza, hilo linakugharimu.

Kumbukumbu zinazozungumza

Noti za shahada ya kwanza hupangwa kwa kitabu au kwa mhadhara. Noti za uzamili zipangwe kwa swali. Tofauti inaonekana ndogo, lakini ndiyo inayoamua kama miezi sita baadaye utakuwa na malighafi ya kuandikia au rundo la muhtasari lisilosaidia.

Mwanasosholojia wa Ujerumani Niklas Luhmann, aliyefariki mwaka 1998, alijaza visanduku vyake kadi zipatazo 90,000 kwa miaka mingi. Kila kadi ilibeba wazo, na namba zilizoielekeza kwenye kadi nyingine, kiasi kwamba wazo la leo lilikutana na wazo la miaka kumi iliyopita. Huhitaji kadi wala visanduku. Unachohitaji ni kuandika wazo kwa maneno yako, kutaja lilikotoka pamoja na ukurasa, kisha kujiuliza linakubaliana au kugombana na wazo gani jingine ulilo nalo. Programu za kutunza marejeleo kama Zotero hubeba ule mzigo wa majina na miaka. Ianze siku ya kwanza, kwa maana kutafuta ukurasa uliopotea wiki ya mwisho ni mateso ambayo hakuna anayestahili.

Mapitio ya maandiko: pale hukumu inapoandikwa

Mapitio ya maandiko ni sehemu ya tasnifu inayoeleza wengine wamesema nini kuhusu suala lako. Ndiyo sehemu inayoeleweka vibaya kuliko zote, kwa hiyo tuipe nafasi na tutumie mfano halisi.

Chukua suala linalomgusa kila mwanafunzi: noti za mhadhara ziandikwe kwa mkono au kwa kompyuta? Mwaka 2014 Pam Mueller na Daniel Oppenheimer walichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba walioandika kwa mkono walifanya vizuri zaidi kwenye maswali ya dhana, yaani yale yanayopima uelewa. Maelezo yao yalikuwa kwamba mwenye kompyuta huandika haraka, hivyo hunakili maneno ya mzungumzaji kama yalivyo bila kuyatafakari. Mwaka 2019 Kayla Morehead, John Dunlosky na Katherine Rawson walirudia kazi hiyo na kuipanua, na hawakupata tofauti ya kutegemewa. Mwaka 2021 kundi lililoongozwa na Heather Urry lilirudia jaribio la kwanza la wale wa 2014. Wenye kompyuta kweli waliandika maneno mengi na kunakili zaidi, lakini hawakufanya vibaya kwenye maswali.

Mwanafunzi anayeandika kama shahidi atatoa aya tatu: huyu alisema, hawa walisema, wale walisema. Kila sentensi yake itakuwa sahihi, na msimamizi atairudisha.

Anayeandika kama hakimu atasema hivi: tafiti zilizopima tabia zinakubaliana kwamba kompyuta huongeza unakili wa neno kwa neno, lakini hazikubaliani kwamba unakili huo hudhuru uelewa. Kwa hiyo kinachotiliwa shaka ni kile kiungo kilichodhaniwa kuwepo kati ya kunakili na kutoelewa. Tena majaribio haya yalitumia hotuba fupi zilizorekodiwa. Mwanafunzi anayezirudia noti zake kwa muhula mzima yuko katika hali nyingine.

Mashahidi ni walewale, na hakuna kilichobuniwa. Lakini aya ya pili imewaweka mashahidi chumba kimoja, ikawasikiliza wakijibizana, na imetoka na hukumu yake yenyewe. Na angalia mwisho wake, pale kwenye muhula mzima. Hapo pamezaliwa kile kinachoitwa pengo la utafiti.

Pengo hili limewatesa wengi kwa sababu ya dhana kwamba maana yake ni mada ambayo hakuna mtu duniani aliyewahi kuigusa. Mwanafunzi huzunguka miezi akitafuta ardhi isiyokanyagwa, na akiipata hugundua kwamba haikukanyagwa kwa sababu haina kitu. Pengo hupatikana penye msongamano: mashahidi wanapopingana, au wote wanapodhani jambo ambalo hakuna aliyelipima, au matokeo yanapotoka kwenye kundi moja la watu na kutumiwa kwa watu wote.

Yote haya ndiyo yanayoitwa tafakuri tunduizi. Neno linatisha, na baadhi ya wanafunzi hulielewa kuwa ni kumtafutia mwandishi makosa. Kusema sampuli, yaani kundi la watu waliochunguzwa, ni ndogo kwa kila makala unayoisoma hakuhitaji akili nyingi. Swali la maana ni kama udogo wa sampuli hiyo unaathiri dai hili mahususi, na kwa kiasi gani. Wakati mwingine hukumu ya haki ni kwamba mwandishi yuko sahihi, na hapo una wajibu wa kueleza kwa nini.

Kuandika, na woga wa kuiba

Watu husema: nitamaliza kusoma kwanza, kisha nitaandika. Usomaji haumaliziki, na anayesubiri hivyo hufika ukingoni akiwa na tarehe ya mwisho na ukurasa mweupe. Kuandika ni chombo cha kufikiria. Aya mbovu ya leo inakuonyesha usichokielewa, na kesho unajua cha kusoma. Anza wiki ya kwanza, hata kama ni nusu ukurasa kwa siku ambao hakuna atakayeuona.

Dhana kwamba usomi ni lugha nzito nayo imeharibu kazi nyingi nzuri. Ugumu wa taaluma upo kwenye mawazo, na mawazo magumu yanahitaji sentensi nyepesi ili yabebeke. Usahihi ndio unaotakiwa: kuna umbali mkubwa kati ya utafiti *unathibitisha*, *unaonyesha* na *unaashiria*, na msomaji wako atakupima kwa uteuzi huo. Anayesema unathibitisha penye ushahidi wa jaribio moja amejitia kitanzi mwenyewe.

Kuhusu wizi wa kitaaluma, yaani kutumia kazi ya mwingine kana kwamba ni yako, wengi hudhani ni kunakili maneno tu. Ukibadilisha maneno matano katika sentensi ya mtu na kuuacha mfupa wake vilevile, bado ni yake. Ukichukua wazo lake na kulieleza kwa lugha yako nzuri bila kumtaja, bado umechukua. Njia salama nimeshaitaja: funga makala, eleza kutoka kichwani, fungua uhakiki, taja chanzo. Na zile programu zinazotoa asilimia ya ufanano hupima ufanano wa maneno, basi. Asilimia kubwa inaweza kutokana na nukuu halali na orodha ya marejeleo. Asilimia ndogo inaweza kuficha wazo lililoibwa kwa ustadi.

Akili mnemba, yaani programu za kompyuta zinazoandika kama mtu, imeongeza mkanganyiko, na hapa naomba nisikilizwe vizuri. Programu hizi huunda maandishi yanayofanana na ukweli, na zinaweza kubuni marejeleo yenye majina na miaka ya kuaminika kabisa ilhali makala hayapo. Mwaka 2023 mawakili wawili New York, pamoja na kampuni yao, walitozwa faini ya dola 5,000 baada ya kuwasilisha mahakamani kesi ambazo programu ya aina hiyo ilizibuni. Kanuni za vyuo kuhusu matumizi yake zinatofautiana, kwa hiyo soma za chuo chako kabla ya kuigusa. Kanuni yangu haitegemei chuo: usitaje chanzo ambacho hukukifungua kwa mkono wako mwenyewe.

Muda, na mtu anayeitwa msimamizi

Roger Buehler, Dale Griffin na Michael Ross waliwauliza wanafunzi wa saikolojia waliokuwa wakimalizia tasnifu zao watamaliza lini. Matokeo yalichapishwa mwaka 1994. Kwa wastani walikadiria siku 34. Walipoambiwa wakadirie kama kila kitu kingekwenda vibaya kabisa, walisema 49. Walitumia takriban 55. Hata tunapojitahidi kuwa na wasiwasi, bado tunakuwa na matumaini kupita kiasi. Dawa yake ni kuangalia kumbukumbu badala ya matumaini: sura iliyopita ilichukua wiki ngapi hasa? Panga ijayo kwa hesabu hiyo.

Msimamizi naye si mwalimu wa darasa. Hatakufuata, hatakupa mada ya wiki, na kimya chake hakimaanishi kuridhika wala kukasirika. Mara nyingi kinamaanisha hajapata kitu cha kusoma. Wanafunzi wengi humkimbia pale wanapomhitaji zaidi, wakisubiri rasimu iwe safi kwanza. Wengine hukaa kimya wakiamini kwamba walipokelewa chuoni kimakosa na siku moja watagunduliwa. Hali hiyo ilielezwa na wanasaikolojia Pauline Clance na Suzanne Imes mwaka 1978, baada ya kufanya kazi na wanawake zaidi ya 150 waliokuwa wamefanikiwa sana katika masomo na taaluma zao.

Kwa hiyo mpelekee rasimu yenye dosari, lakini ipeleke na maswali. "Naomba maoni yako" humwachia mzigo wote. "Ukurasa wa nne nimedai kwamba tafiti hizi mbili zinapingana, je, sababu niliyotoa inatosha?" humpa mahali pa kushika. Mkimaliza kuzungumza, mwandikie barua pepe siku hiyohiyo: tumekubaliana hivi, nitafanya hivi, nitaleta tarehe fulani. Barua hizo zitunze kwa mpangilio. Sura ya tano ikifika na maoni mapya yakagongana na ya sura ya pili, utazifungua pamoja na msimamizi wako na kutazama mlibadilisha mwelekeo wapi.